Kifuniko Kimoja cha Dawa ya Kuku

Jumatatu, 17 Machi
Mvua imeanza leo saa tisa mchana. Cucu, mamake Mwaura, amesema niiandike. Mwaka jana alibishana na majirani hapa Kabazi kuhusu siku mvua ilianza, akashindwa kwa sababu hakuwa na ushahidi.
"Wewe ulifika darasa la nane, Nyina wa Kim," ameniambia. "Hiyo darasa la nane yako inakaa tu kwa nyumba kama kiti cha wageni. Andika."
Basi nimechukua kitabu changu cha zamani, nikachana kurasa zilizojaa. Mimi ni Nyakio. Mtoto wangu ni Kimberly Mugure, ana miaka miwili na miezi miwili. Bwanangu Mwaura anachoma nyama kule Kikopey, anakuja nyumbani Jumatatu, akirudi nguo zake zanuka moshi wiki nzima. Hiki ni kitabu cha mvua.

Jumanne, 18 Machi
Imenyesha.

Alhamisi, 20 Machi
Imenyesha usiku kucha. Cucu amepanda maharagwe.

Jumatatu, 24 Machi
Imenyesha. Vifaranga watatu wameangusha mabawa, wanasinzia wakiwa wamesimama kama wazee kanisani. Nimekimbia kwa Kosgei wa agroveti, duka la dawa za mifugo. Amenipa chupa ya dawa ya manjano.
"Kifuniko kimoja kwa maji ya kunywa, siku tano, Mama Kim. Usiruke siku."
Kwa chupa wameandika Kiingereza kidogo kidogo kama miguu ya chungu. Nimeona neno withdrawal. Mimi neno hilo nalijua kwa wakala wa M-Pesa tu, kutoa pesa. Nikacheka peke yangu, kwani kuku wana simu?

Jumatano, 26 Machi
Vifaranga wameamka, wanapigania mchwa. Nimeacha dawa, chupa ibaki na kitu ya siku nyingine. Imenyesha.

Alhamisi, 3 Aprili
Imenyesha kidogo. Kuna mambo ya Cucu ambayo siyapendi na leo nitayaandika. Kim alipewa jina lake, Mugure, kwa hivyo Cucu anasema yule ni yeye mwenyewe amerudi mdogo. Yai la kwanza la siku ni la Kim. Cucu analitumbukiza kwa maji moto, mtu akihesabu mpaka mia analitoa, kiini bado kinatiririka. "Yai lililokauka ni la wafungwa," anasema. Kim anakunywa lile yai kama uji, kidevu chote manjano, wote wawili wanacheka. Mimi nikisema tulichemshe zaidi, naambiwa Mwaura alilelewa hivyo na angalia mabega yake.

Jumamosi, 12 Aprili
Imenyesha. Kuku mkubwa mmoja anahara. Kifuniko kimoja, siku mbili. Amepona.

Jumapili, 20 Aprili
Pasaka. Imenyesha tukiwa kanisani, bati likapiga kelele mpaka mhubiri akaketi. Jioni kuku wengine wawili wanahara. Kifuniko nusu, chupa inaisha.

Ijumaa, 2 Mei
Kim ana joto. Hajataka yai.

Jumapili, 4 Mei
Tulienda zahanati jana. Walimpa dawa ya maji, tamu. Anatapika. Imenyesha. Cucu amembeba mgongoni mchana wote akitembea ndani ya nyumba, mlango mpaka jiko, jiko mpaka mlango.

Jumanne, 6 Mei
Tuko Nakuru, hospitali. Nimekuja na kitabu kwa sababu Cucu alikitia kwa mfuko mwenyewe, pamoja na rundo la mkonge na kiondo alichokianza. "Mikono isikae bure," alisema. "Mikono ikikaa, kichwa kinatembea."
Wamemchoma Kim mara nne kabla wapate mshipa. Hakulia mara ya nne. Wamechukua damu kidogo kwa chupa, wanasema wataiweka mahali pa joto waone ni nini kitaota ndani. Nimefikiria maharagwe ya Cucu. Dripu imewekwa. Dawa inaingia mara moja kwa siku.
Mimi sijalia. Naona kila kitu kama mtu aliye nyuma ya dirisha la gari.

Jumatano, 7 Mei
Joto liko pale pale. Kitanda cha jirani ni cha Zeddy, msichana wa hapa mjini, mtoto wake ni wa mapafu. Aliponiona nimekaa tu akasema, "Mathe, pumua. Ukisahau utatuharibia hesabu ya wadi."
Cucu alipiga simu. Hakuuliza mengi. "Andika," akasema. "Jana ilinyesha."
Nimeandika. Jana ilinyesha.

Alhamisi, 8 Mei
Joto. Damu imeota kitu. Hawajajua bado kitakufa kwa dawa gani.

Ijumaa, 9 Mei
Leo nitaandika mrefu.
Asubuhi daktari alisema dawa ya kwanza haionekani kushika, wanabadilisha, wanaweka sipro. Mwaura alikuwa amekuja na moshi wake. Akauliza huu ugonjwa mtoto ameutoa wapi. Daktari akasema mara nyingi ni chakula, maji, kuku, mayai ambayo hayajaiva. Mwaura akatoka nje ya wadi. Kupitia dirisha nikamsikia kwa simu.
"Ni zile mayai zako, Maitu! Si uliambiwa? Si Mama Kim alikuambia uchemshe? Unataka kutumalizia mtoto na ukaidi?"
Sijawahi kumsikia akimfokea mamake. Aliporudi aliniangalia, akingoja niseme kitu. Nikasokota mkonge.
Mchana akaja mtu wa maabara, jina lake Chelimo, kuchukua damu nyingine. Ni mdogo kama mimi lakini ana miwani ya mtu mzima. Mimi nilikuwa nimepandisha leso, nasokota nyuzi mbili pamoja juu ya paja kama Cucu alivyonifundisha. Akasimama akaangalia.
"Mama Kim, unajua hiyo unafanya ndiyo iko ndani ya kale kadudu ka mtoto wako?"
Nikadhani ananitania. Akavuta kiti.
"Nipatie hiyo kamba. Ndani ya kila kitu kinachoishi kuna uzi kama huu. Nyuzi mbili zimesokotwa. Ndiyo kitabu chake, kila kitu anachohitaji kujua kimeandikwa humo. Sasa hako kadudu, bakteria, uzi wake umefungwa mwisho kwa mwisho, ni duara. Na ni mrefu. Ni kama uchukue kamba ya kiondo kizima uisukume kwa sanduku ya kiberiti."
"Si itafungana mafundo?"
"Ngoja. Shika hapa na hapa, kaza. Sasa mimi natenganisha nyuzi katikati, kwa sababu bakteria ikitaka kusoma kitabu lazima ikifungue. Angalia mbele."
Nikaangalia. Kila alivyotenganisha, mbele ya kidole chake kamba ilijibana, ikajipinda, ikafanya fundo kama mkia wa nguruwe. Hilo nalijua, kila msusi wa kiondo analijua. Huwa tunaachilia ncha moja ijizungushe.
"Lakini duara halina ncha," akasema Chelimo. "Itajizungushia wapi? Inakwama. Na bakteria ikikwama haizai, na isipozaa imekwisha."
"Sasa inafanyaje?"
"Inakata."
"Ikikata si itakufa?"
"Ikikata ikaachilia, itakufa. Ndiyo maana inayokata haiachilii. Kuna kimeng'enya. Ulisoma vimeng'enya?"
"Vile vya mate. Darasa la saba."
"Ndugu ya hivyo. Hiki kina vipande vinne vimeshikana. Viwili ndivyo vinakata, na vikikata vinashika ncha mbili, moja huku, moja huku, kama wewe unavyoshika sasa. Viwili vingine ndivyo mlango, na ndivyo vinaleta nguvu. Vinapitisha sehemu nyingine ya kamba kwa ule mwanya, halafu vinaunga tena pale pale. Fundo limetoka, na huwezi kuona palipokatwa. Kabla upepese jicho, na kinaendelea hivyo bila kuchoka."
Alikuwa amekunja kamba yangu, akaonyesha kwa vidole. Zeddy akawa ameinuka kitandani kuangalia. "Ai, huyo mdudu angefungua saluni," akasema.
"Sasa sipro," akasema Chelimo, "haipigi mdudu kichwa. Inangoja kimeng'enya kikate. Mlango ukiwa wazi, ncha zimeshikwa, sipro inaingia inakaa kwa ule mwanya. Kimeng'enya hakiwezi kuunga. Uzi unabaki vipande. Kinachofungua mafundo ndicho kinageuka kisu."
"Na Kim? Yeye hana huo uzi?"
"Anao. Na kimeng'enya chake anacho, lakini kimeumbwa tofauti, dawa haipati pa kukaa."
Nikaipenda ile dawa. Nikaangalia dripu nikaiona ikienda kuketi kwa vile vimwanya vyote, kimoja kimoja. Mara ya kwanza wiki hii kitu kiliingia ndani yangu.
Halafu Chelimo akauliza, akiwa anaandika kwa chupa, hata hakuinua uso, "Kwenu mnafuga kuku?"
"Wachache."
"Wanapewa dawa? Ile ya maji, ya manjano?"
Nilifikiria Mwaura kule nje na simu. Nilifikiria daktari akisema mama ndiye wa kulaumiwa.
"Hapana," nikasema. "Sisi hatupei dawa."
Akaniamini. Akanirudishia kamba yangu.

Jumamosi, 10 Mei
Joto. Cucu hakupiga simu. Sijui kama ilinyesha.

Jumapili, 11 Mei
Karatasi imekuja. Muuguzi aliiweka kwa faili na mimi nikaichungulia kabla daktari afike. Majina ya dawa yamepangwa chini, na mbele ya kila moja herufi. R, R, R. Nikahesabu R saba. S mbili tu. Shuleni kwetu mwalimu Kibii alikuwa anaandika R kwa hesabu uliyopata, Right, sahihi. Saba kwa tisa! Na mbele ya sipro kulikuwa na R kubwa nyeusi. Nilimwambia Zeddy, "Amepita." Nilimwamsha Kim nikamwambia amepita. Midomo yake ilikuwa imekauka imepasuka. Nikamtumia Mwaura ujumbe: karatasi ni nzuri, R saba.
Zeddy akaomba kuona. Yeye alikuwa ameshakaa hapa wiki tatu. Akapitisha kidole kwa zile R, akanirudishia karatasi polepole.
"Nini?"
"Mathe. R si right."
"Ni nini?"
"Ni mdudu amekataa dawa. S ndiyo tunatafuta, dawa inayomuua."
Nikaangalia tena. S mbili.
Sijui nilikaa vipi. Daktari akaja akasema wanaondoa sipro, wanaanza moja ya zile mbili, inatafutwa kwa sababu haikuwa kwa stoo. Nikasema sawa. Alisema maneno mengine, nikasema sawa.
Sikumtumia Mwaura ujumbe mwingine. Yeye alijibu: Mungu ni mwema.

Jumatatu, 12 Mei
Dawa ya S imeingia saa nne asubuhi.
Niliuliza maabara iko wapi nikaenda. Chelimo alitoka na glavu.
"Nilikudanganya," nikasema. "Kuku tunawapa ile ya manjano. Mimi ndiye nawapa."
Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Alivua glavu moja.
"Mnawapa vipi?"
"Kifuniko kimoja. Nusu wakati mwingine. Wakiamka naacha."
"Ile ni ndugu ya sipro, Mama Kim. Inakaa mahali pale pale, kwa ule mwanya." Akaikunja ile glavu. "Ukiwapa kidogo, wadudu wanyonge wanakufa. Anabaki yule ambaye kimeng'enya chake kimebadilika kitu kidogo sana pale dawa inakaa. Herufi moja ya kitabu. Kama kiti kimekatwa mguu, dawa ikija haiketi. Huyo ndiye anazaa. Kesho unaweka kifuniko tena, unampalilia shamba."
"Kwa hivyo ni mimi."
"Siwezi kuapa. Inaweza kuwa maji, inaweza kuwa boma lingine. Damu haisemi mdudu alipitia mlango gani."
"Kama ningekuambia Ijumaa?"
Alivua glavu ya pili.
"Ningemwambia daktari. Labda hangeanza na ile."
Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Nikasema asante. Nikarudi wadi nikasokota mkonge mpaka paja likawa jekundu. Sijalia.

Jumanne, 13 Mei
Joto.

Jumatano, 14 Mei
Joto. Amefungua macho akaniita Cucu.

Alhamisi, 15 Mei
Saa kumi na moja asubuhi nilimshika shingo ikawa baridi, nikajua amekufa. Nikakaa hapo. Nilifikiria: sasa nitafunga mfuko, nitaweka kiondo kwanza, halafu nguo. Niliwaza hivyo tu, polepole, kama mtu anayepanga vyombo. Halafu Kim akaomba kukojoa, "Susu."
Ule ubaridi ulikuwa jasho. Joto limeshuka.
Zeddy alilia mpaka muuguzi akaja kuangalia ni mtoto wa nani amezidiwa. Mimi nilibadilisha shuka.

Ijumaa, 16 Mei
Hakuna joto. Amekunywa uji vijiko sita.
Chelimo alipita kumwona. Kim akamvuta miwani. Alinieleza kitu kimoja zaidi kuhusu ule uzi. Bakteria ikishanakili uzi wake, anasema, yale maduara mawili, la mama na la mtoto, yanabaki yameingiliana kama pete za cheni. Hayawezi kuachana mpaka moja likatwe, lingine lipite, liungwe tena. Kuna kimeng'enya kingine cha kazi hiyo peke yake.
"Na kisipofanya kazi?"
"Wanakufa wote wawili, wameshikana."
Nimeliweka hilo kichwani. Sijui kwa nini.

Jumamosi, 17 Mei
Nimempigia Cucu mimi. Alisema, "Eeh." Nikasema Kim amekunywa uji. Akasema, "Eeh," na sauti ikapotea, nikadhani ni mtandao. Halafu akasema polepole: "Kumi imenyesha. Kumi na moja imenyesha. Kumi na mbili hapana. Kumi na tatu hapana. Kumi na nne imenyesha. Tangu hapo hapana. Nilikuwa naweka kokoto kwa kikombe." Hajui kuandika, aliweka kokoto.

Alhamisi, 22 Mei
Tumefika nyumbani. Imenyesha. Maharagwe yamefika magotini. Cucu alimpokea Kim, akamgeuza huku na huku kama kuku wa soko, akamfunga mgongoni. Hakuniangalia. Si kwa ubaya. Kama mtu anayepita karibu na moto.
Mwaura ameomba ruhusa kazini, amepanga chai na mikate mezani, anaimba. Anamsalimia mamake kwa heshima nyingi sana, ile heshima ya mtu ambaye hataki kuomba msamaha.

Jumamosi, 24 Mei
Imenyesha. Hakuna yai la Kim asubuhi. Cucu anayakusanya, anayapeleka yote dukani. Kim anamfuata na mkono wazi, anaomba yai, "Ai, ai." Cucu anamwambia, "Cucu ni mbaya. Cucu hajui kupika."

Jumatano, 28 Mei
Kifaranga ameangusha mabawa. Nilimtenga kwa kikapu, peke yake, nikafagia banda nikaweka majivu. Chupa ya manjano nimeiandikia R kwa makaa, nikampelekea Kosgei.
"Hii ni nini, Mama Kim?"
"Mdudu amekataa."
"Nilikuambia siku tano."
"Uliniambia."
Akakuna kichwa. Akasema kuna daktari wa mifugo anakuja Subukia kesho, Alhamisi, nimngoje yeye kabla ya dawa yoyote. Kifaranga amekufa jioni. Imenyesha.

Jumapili, 1 Juni
Kanisani hatukuenda, Kim bado hachangamki sana. Cucu alikuwa amekaa mlangoni anasokota, Kim amelala kwa mguu wake mwingine. Mwaura yuko Kikopey. Nikaketi chini.
"Cucu."
"Eeh."
"Haikuwa mayai yako peke yake. Ni mimi niliweka dawa kwa maji ya kuku. Niliweka kidogo, nikaacha kabla ya siku, tena na tena. Mdudu akazoea. Hospitali waliniuliza nikakana. Na Mwaura alipokufokea nilikuwa hapo, nikanyamaza."
Mkono wake haukusimama. Paja, mkonge, paja.
"Najua," akasema.
"Unajua?"
"Ni nani anamwaga maji ya kuku asubuhi? Siku moja ni ya manjano, siku mbili ni ya manjano, ya tatu ni maji tu. Mimi sikusoma, Nyina wa Kim. Lakini si kipofu."
"Na hukumwambia Mwaura?"
"Nimwambie nini? Kim ana mama mmoja." Akapima kamba kwa macho. "Na yai lilikuwa langu. Hilo ni kweli pia."
Halafu akamweka Kim kwangu, akainuka akishika kiuno, akaingia jikoni. Nikasikia maji. Nikasikia yai likigonga sufuria. Lilichemka, likachemka, maji yakaanza kukauka likawa linapiga kelele kwa chuma, bado hakulitoa. Alipolileta ganda lilikuwa limepasuka kila mahali.
"Hili limeiva mpaka kwa roho," akasema. "La wafungwa."
Akalimenya. Kim akaamka na mkono wazi, "Ai." Cucu akaligawanya mara mbili, akanipa mimi nusu kwanza.
"Kula mbele yake. Akuone."
Nikala. Lilikuwa kavu kama unga, likanikwama kooni, nikakohoa, na machozi yakatoka, yakaendelea kutoka hata baada ya kumeza. Kim alikuwa ananiangalia, mdomo umejaa.
"Ni yai," Cucu akamwambia.
"Ni yai," nikasema.
Leo haikunyesha.